Maji Yaliyolainisha Maharage

Nisikilizeni, majirani zangu wa Pasiansi, na ninyi wa Mkolani mliokuwa mkipanga foleni mlangoni kwa Luhende na madumu mikononi. Mimi, Mwalimu Kokulinda, nasema nikiwa na hasira na sitaificha. Najua mnasema mwalimu ana mdomo. Ninao, lakini siku ulipohitajika niliufunga.

Asubuhi ile kwenye chemchemi ya maji moto palikuwa patulivu. Tulikuwa tumesafiri siku nzima kwa lori, tukaacha ziwa na milima yetu ya mawe, tukaingia nyika kavu ambako hata mti wa kujikinga jua ni wa kutafuta. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa magadi, na katikati yake maji yalitoka chini yakichemka. Bibi Suzana, mama yake Luhende, aliketi pale maji yalipopoa kidogo, ametumbukiza miguu yake iliyovimba, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, miguu imekuwa myepesi," aliniambia. "Naweza kucheza ngoma."

Nilifurahi naye. Laiti tungeishia kwenye miguu.

Luhende akaja na kikombe. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila mtu alikuwa anauza kitu. Kutafuta riziki si kosa. Lori lile alilikodi yeye, akatujaza sisi wenye maradhi, na nyuma akapakia madumu matupu.

"Mayu, kunywa," alimwambia mama yake. "Kuoga kunatibu ngozi tu. Presha iko ndani."

Muda huohuo akapita mwanamke wa kijiji cha pale, jina lake Kija, na ndoo tupu kichwani. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kisimani, kuchota maji ya kunywa. Nikienda sasa, narudi saa sita." Akakitazama kikombe mkononi mwa Bibi Suzana. "Haya sisi tunaoga. Ng'ombe wanalamba magadi pale kando. Kunywa hatunywi."

Luhende akacheka. "Dada, mwenye dawa uani kwake hajui thamani yake!"

Sote tukacheka, na mimi nikiwamo. Jamani! Mtu ana maji mlangoni, bado anatembea nusu siku kutafuta maji mengine, na sisi wa mjini tunamcheka!

Bibi Suzana alikuwa na presha ya kupanda. Nesi wa zahanati alimwambia aache chumvi na ameze vidonge kila siku, naye alitii miaka miwili. Samaki wake alichemshwa peke yake, chukuchuku, kwenye sufuria ndogo. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote ninaowajua.

Tuliporudi, madumu yamejaa maji ya kuuza, Luhende akavifungia vidonge vya mama yake kabatini. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mayu, ukipona kwa vidonge, nani ataamini maji?"

Mwaona? Hakusema, "Mayu, nataka upone." Alitaka mtu wa kutoa ushuhuda mbele ya wateja, na aliyekuwa karibu ni aliyemzaa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Bibi alikunywa bila kunung'unika, maana mwanawe alikuwa hana kazi na alitaka kumsaidia.

Siku moja bomba likakauka. Sabina, mke wa Luhende, akachota maji kwenye dumu akapikia maharage. Mnayajua maharage makavu, yanakula kuni tangu asubuhi. Yale yaliiva upesi, yakawa laini, yakageuka rangi. Sabina akanijia mbio.

"Mwalimu, sikuweka magadi hata chembe, lakini yameiva kama yamewekwa. Haya maji ni magadi matupu!"

Tukaenda kwa Luhende. Wateja walikuwa wamejaa uani.

"Baba Mhoja," Sabina akamwambia mumewe taratibu, "nesi alimkataza mama chumvi. Magadi si ndugu yake chumvi?"

"Nani amekufanya daktari?" Luhende akafoka. "Rudi jikoni kasonge ugali!"

Bibi Suzana mwenyewe, kutoka kwenye kigoda chake, akamtetea mwanawe. "Sabina mwanangu, nesi alisema chumvi. Magadi hakuyataja."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipohitajika. Ninafundisha sayansi darasa la sita. Nilijua kwamba chumvi zipo za aina nyingi, na magadi ni mojawapo. Lakini nikajiambia mambo ya mtu na mama yake hayaingiliwi, na tena chini ya kitanda changu lilikuwapo dumu ambalo Luhende alinipa bure kwa ajili ya magoti yangu. Nikaaga, nikaenda kusahihisha madaftari.

Jumapili baada ya ibada, Luhende akawakusanya watu wasikie ushuhuda. Bibi Suzana akasimama katika kitenge kipya, kikombe mkononi.

"Bwana asifiwe. Mimi Suzana nilikuwa mgonjwa, sasa..."

Ulimi ukawa mzito. Mdomo ukapinda upande mmoja, kikombe kikaanguka, naye akafuata chini. Na mnajua watu walifanya nini? Walipiga vigelegele! Walidhani ni nguvu ya dawa. Aliyekimbia kumwinua ni Sabina peke yake.

Hospitalini, daktari aliuliza mama aliacha vidonge lini. Luhende akamgeukia Sabina.

"Na chumvi, amekuwa akila?"

"Chumvi hapana, daktari," Sabina akajibu. "Amekuwa akinywa magadi, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Ni ya kwenye maji ya moto."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, kinachopandisha presha kwenye chumvi kimo pia kwenye magadi. Bora angekula samaki wa chumvi na vidonge vyake akameza."

Bibi Suzana yu hai. Upande wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Luhende ameyamwaga maji yote, na sasa kila asubuhi humletea mama yake maji safi aliyoyachemsha mwenyewe. Bibi hufumba mdomo akageuzia uso ukutani. Kikombe kilekile kikitoka mkononi mwa Sabina, anakunywa mpaka tone la mwisho. Nimemwona Luhende akimkabidhi mkewe kikombe, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaketi juu ya jiwe, akalia kwa sauti. Sikwenda kumbembeleza.

Na juzi, kabla machozi hayajakauka, mmoja wenu akabisha hodi na dumu lake: "Maji bado yapo?"

FUNZO

Tamaa ya Luhende ilimvunja mama yake, lakini haikufanya kazi hiyo peke yake. Ilisaidiwa na wateja wasiouliza, na mwalimu aliyejua akanyamaza kwa sababu ya dumu la bure. Usiache dawa ya hospitali kwa neno la muuzaji, hata kama muuzaji ni mwanao. Ukikatazwa kitu, uliza pia ndugu zake ni akina nani. Mwanamke akikwambia jambo aliloliona kwenye sufuria yake, msikilize, maana sufuria haina mteja wa kumdanganya.

Na mkimwona anayeishi kando ya maji akijitwika ndoo kwenda mbali, msimcheke. Mfuateni.