Robota la Odilia

Haya yalimpata Odilia, jirani yangu hapa Sanyuanli, Uchina, anayetuma marobota ya bidhaa nyumbani, na tangu siku hiyo hazimi taa.

Ilikuwa saa tano asubuhi, ingawa chumbani kwake ni giza mchana kutwa kwa jinsi majengo yalivyobanana. Wakala wa mizigo, Maulid, akampigia.

"Dada Odilia, picha za marobota sijazipata. Saa sita kontena linafungwa."

Picha zilikuwa kwenye kompyuta, na skrini ilikuwa imegoma. Kompyuta inaunguruma vizuri, skrini inadai haipokei kitu. Akabadilisha waya. Akafungua kompyuta, akaichomoa kadi inayopeleka picha kwenye skrini, akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio, akairudisha. Wapi!

"Mungu wangu, leo tu," alilia. "Iwake leo tu!"

Ndipo akasikia selotepu ikivutwa, kraaa, kama mtu anafunga robota. Sauti ilitoka kwenye skrini.

Miaka sita marobota yake yaliandikwa majina mawili, lake na la mwenzake wa biashara, Bimkubwa, aliyefariki Januari. Safari hii Odilia alikuwa ameandika lake peke yake.

Akachomoa waya wa umeme wa skrini aanze upya. Ungali mkononi mwake, skrini ikawaka yenyewe. Ndani yake lilionekana robota lake. Jina "Odilia" lilikuwa limekatwa kwa mstari mnene, na chini yake, kwa mwandiko anaoujua, herufi zilikuwa zikijiandika moja moja. Zilikuwa zimefika BIM, na wino ulikuwa bado unachuruzika.