Bati Mbele ya Rejeta

Ukimpa Bwire chai, atainusa kwanza. Ndivyo alivyokuwa. Na mwaka ule wa 1977, mwaka wa magendo ya kahawa, Malaba nzima, pale mpakani na Uganda, watu walitazamana kwa jicho la pembeni. Sembuse Bwire.

Alikuwa na pikapu ya dizeli. Dereva wake alikuwa Callistus, ndugu ya mkewe Roselida. Callistus alibeba samaki wa Roselida kutoka Sio Port hadi Malaba. Bwire aliogopa wezi wa vipuri. Basi akachukua bati zito, akafunika mbele yote ya gari, akaacha matundu mawili tu ya taa.

Wiki hiyohiyo gari likaanza kuchemka. Kila jioni rejeta ilirudi bila maji. Bwire akajiambia, huyu anabeba kahawa ya magendo, ndiyo maana injini inachoka. Callistus alimwomba atoe bati. Loo, alijimaliza! Bwire akaona mwizi wa vipuri ni huyuhuyu wa nyumbani, akamnyang'anya funguo. Callistus akarudi kwao Adungosi kulima mihogo. Roselida alilia sana. Ndugu amefukuzwa, na samaki wanaoza.

Kesho yake Bwire aliendesha mwenyewe, gari likiwa na mzigo. Kwenye kilima karibu na Chakol, mshale wa joto ulipanda hadi alama nyekundu, mvuke ukafuka. Akasimama, akaruka chini, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Omagor, fundi wa gereji ya kando ya barabara, akaudaka.

"Usifungue, mzee. Hayo maji yatakurukia usoni. Zima injini, ngoja ipoe."

Fundi gani huyu anakimbilia gari bila kuitwa? Bwire hakumwamini, lakini alingoja. Injini ilipopoa kabisa, Omagor alishika kifuniko kwa kitambaa, akakifungua polepole, akajaza maji safi. Kisha akagonga lile bati.

"Maji ya rejeta yanapozwa na upepo. Hii gari inapumua kwa mbele, na wewe umeiziba pua."

"Unatafuta kazi tu," Bwire akasema.

"Basi toa mwenyewe, spana hii hapa. Panda kilima hichohicho na mzigo huohuo. Mshale ukikaribia nyekundu, simama mapema, usingoje mvuke."

Bwire akalitoa. Nyuma yake rejeta ilikuwa imejaa vumbi na mbegu za nyasi. Omagor akaipiga brashi taratibu. Bwire akarudi chini, akapanda tena huku macho yakiwa kwenye mshale. Ulikaa katikati, haukutikisika. Aibu ikamshika. Humo ndani ya gari hamkuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Akaenda moja kwa moja Adungosi. Callistus alikuwa shambani.

"Shemeji, nilikushuku bure. Nisamehe."

Callistus akaegemea jembe lake. "Nikikuambia kitu cha gari, utasikia?"

"Nitasikia."

Callistus akaenda kwenye gari, akafungua boneti, injini ikiwa imezimwa, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole.

"Huu umelegea. Ukilegea, feni haivuti upepo vizuri. Gari itachemka tena."

Bwire alitaka kuuliza ni nani aliyeulegeza. Swali lilimfika kooni kabisa. Akalimeza, akaenda kuleta spana. Kesho yake samaki wa Roselida walifika Malaba wabichi, Callistus akiwa kwenye usukani.