Kibali cha Dawa ya Bi Masouda

Ndugu zangu wa Sib, hapa Oman, nyumba ya Bi Masouda mnaijua. Mwaka 1998, kila baada ya sala ya alasiri, kahawa ilimiminwa barazani na wajukuu wakagombania halua. Kisha saratani ikamwingia bibi huyu mifupani, na baraza ikanyamaza.

Daktari alimwandikia dawa kali ya maumivu, ile isiyotolewa bila kibali cha serikali. Akampa Yaqoob, mwanawe mkubwa, fomu za kuombea kibali azipeleke dirishani, kwenye idara ya vibali vya dawa. Yaqoob hakwenda. Apange foleni kwa lipi, naye ana binamu yake Saeed humo humo idarani? Akampelekea fomu nyumbani kwake mtaa wa Hail, wakanywa kahawa, Saeed akasema inshallah.

Inshallah ile ilichukua wiki saba. Kila Ijumaa Yaqoob aliuliza, na kila Ijumaa aliambiwa mudiri, mkuu wa idara, yuko safarini. Kuuliza zaidi aliona ni kumvunjia binamu heshima. Huku mama anauma shuka ili wajukuu wasimsikie. Mimi jirani nilimsikia, na nakiri kwamba nilinyamaza.

Siku moja Bi Masouda akamwita bintiye. "Rawya, mie kufa siogopi. Nnachoogopa ni kesho asubuhi."

Rawya akavaa abaya, akaenda dirishani mwenyewe. Karani akatafuta, akatafuta tena, jina la mama halikuwamo. Maombi, alisema, kwa kawaida huchukua siku tisa. Rawya akarudi kwa daktari, akaandikiwa fomu nyingine, akaziwasilisha siku ile ile.

Yaqoob alipomfuata Saeed nyumbani, Saeed akafungua kabati. Bahasha ya fomu ilikuwa humo, haijafunguliwa.

"Walinihamishia ghalani tangu Ramadhani, kabla hujaniletea fomu," Saeed akasema. "Nyote mlikuwa mkinitegemea. Nliona haya kukwambia."

Siku ya tisa kibali kilitoka. Bi Masouda akapata siku nne za kulala, kunywa uji na kuwasimulia wajukuu mambo ya Unguja mpaka wakacheka. Siku ya tano alifariki. Yaqoob alilia kuliko sote.

Mafunzo

Tumezoea kuona foleni ni ya wasio na mtu wao ndani. Jamani, tuache! Mwenye mgonjwa apeleke fomu zake mwenyewe, achukue namba ya maombi, aulizie bila haya. Nawe unayeombwa usichokiweza, sema huwezi. Aibu yako itakwisha kabla kahawa haijapoa. Haya ya wanaume wawili na ukimya wa jirani mmoja vilimnyima Bi Masouda siku arubaini na tisa za kupumzika.