Maji ya Kwanza

"Kicheche, mwache huyo. Rudi kiwandani."

Sauti ya Mjomba redioni ilikuwa tulivu, kama kawaida yake. Kicheche alizima redio, akaongeza mwendo. Pikipiki yake ya Honda ililala kwenye kona ya uzio wa kiwanda cha zamani cha betri. Mbele yake, lori la tanki alilolishuku kutorosha maji machafu ya kiwanda lilikuwa likikimbia.

Kicheche alikuwa jasusi wa serikali ndani ya sare ya mpima maji. Kampuni ya kigeni ilikuwa imepewa kazi ya kusafisha udongo wa kiwanda hicho na maji yaliyo chini yake. Leo adhuhuri wakubwa wangetangaza kazi imekwisha, na bomba la mtaa, ambalo dada yake angechotea maji, lingefunguliwa.

Alilipita lori, akalizibia njia. Bastola yake, Glock, ikatoka.

"Shuka."

Dereva alishuka, mikono juu. Kicheche alifungua koki huku amebana pua, akingoja uvundo wa tindikali.

Yalitoka maji safi, yananuka klorini. Maji ya bomba.

"Ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Nimeshayamwaga, bosi, haya ni mabaki. Nimejaza kile kisima cha kupimia, cha pembeni ya ukuta. Niliambiwa leo mtapima hicho."

Kisima kile alikichagua mwenyewe asubuhi, na alimwambia mtu mmoja tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo aliusikia tangu utotoni, wala hakudhani nguo yenyewe ni ile aliyovalishwa na kaka wa mama yake. Mjomba alimlea, akamwingiza idara ya ujasusi, akamfundisha kazi.

Alimfunga dereva pingu kwenye usukani, akageuza pikipiki.

Wakubwa walikuwa chini ya turubai, kalamu mkononi. Mjomba, msimamizi wa vipimo, alisimama kisimani na chupa ya maji maangavu.

"Umechelewa, mpwa wangu. Nimekuchotea."

"Umechota ya kwanza, Mjomba."

"Maji ni maji."

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Ya kwanza mwaga, subiri ya ardhini."

Kicheche alinyoosha mkono kuwasha pampu. Mjomba aliwahi kuishika swichi.

"Usinivunjie heshima mbele za watu," alinong'ona. "Fungu lako nimeshalitenga."

"Toa mkono."

Alimpenda mzee huyu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mkono ulitoka, Kicheche akawasha pampu. Maji yalimwagika meupe, yakaendelea, kisha yakaanza kugeuka manjano. Kicheche alichovya karatasi ya kupimia tindikali. Ikawa nyekundu.

Mkubwa mmoja aliweka kalamu chini. "Bomba lisifunguliwe," alisema. Meneja wa kampuni alianza kurudi nyuma kuelekea gari lake, akakutana na walinzi.

Mjomba alinyoosha mikono mwenyewe.

"Usibane sana, mwanangu."

Kicheche alibana pingu.

Simu ikalia. Dada yake.

"Bomba tayari? Na Mjomba anakuja mchana? Nimemwekea chakula."

"Maji msichote. Na hicho chakula, wape watoto."

Alivaa miwani yake ya jua, akaiendea pikipiki bila kugeuka.