Diski Isiyojaa

SSD, diski ya kisasa ya kompyuta, haina sauti. Haina kisahani kinachozunguka wala sindano inayokwaruza. Ni vibati vyeusi vilivyolala kimya ndani ya kasha. Anold alilijua hilo vizuri, maana shahada yake ya kompyuta, iliyokuwa inamaliza mwaka wa nne ndani ya bahasha ya kaki bila kumpatia hata kazi ya kufagia ofisi, ilimfundisha angalau hilo. Kwa hiyo Jumanne ile saa sita mchana, jua likichoma bati na kompyuta ikiwaka sebuleni, aliposikia kitu ndani ya kasha kikimeza, alizima redio.

Glu.

Kama mtu anayeteremsha tonge bila mchuzi. Akasubiri. Kikameza tena.

"Mama, umesikia?"

"Mimi nasikia njaa," Mama Deodata akajibu kutoka jikoni. "Ukimaliza kuongea na hilo sanduku lako njoo umenye mihogo, graduate."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, Matiasi, katekista wa kigango chao huko Kibimba kwa miaka ishirini na miwili. Ndani yake ilihifadhiwa sauti ya mzee: dakika kumi na moja, zilizorekodiwa kwa simu siku ya sherehe ya Anold kuhitimu, miezi mitatu kabla mzee hajafa. Simu yenyewe iliibwa msibani. Kila Jumapili baada ya misa mama alivuta kigoda, akaketi mbele ya skrini mikono imefumbata kanga, akamsikiliza mumewe akisema: "Namshukuru Mungu kwa mwanangu Anold. Ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa." Hapo alijifuta macho. Kila Jumapili, palepale.

Wiki iliyotangulia, diski ya zamani ya kompyuta hiyo ilikuwa imeanza kukwaruza. Kra, kra, halafu kimya, halafu kra.

"Hiyo ikifa, baba yako atakuwa amekufa mara mbili," mama alisema. Akauza maharage yake, akampa Anold hela. "Nenda kalete nzuri. Nzuri, siyo rahisi."

Anold akaenda Ngara mjini, kwa fundi mmoja anaitwa Shilinde, Msukuma mpole mwenye duka la ukubwa wa kabati. Shilinde akamwekea moja mezani.

"Chukua hii. Gigabaiti mia mbili hamsini na sita, waranti miaka mitatu. Ikikusumbua unairudisha kwangu hapahapa. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha na kubaki."

"Bei yote hii kwa gigabaiti mia mbili? Bro, where is value for money? Mimi nimesoma, najua kugawanya."

"Sasa gawanya na waranti humo humo, profesa."

"Waranti hailiwi."

"Haya," Shilinde akasema, akairudisha kwenye kabati. "Kuna watu shule imewaharibu."

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio Kibimba, mvua ikinyesha, tope jekundu likifika kwenye vifundo vya miguu. Mtu mmoja alikuwa amechuchumaa chini ya turubai, mbele yake kuna chaja, spika, na SSD moja isiyo na jina la kampuni. Terabaiti mbili. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya Shilinde.

"Ina waranti?"

"Ya nini? Hii haijai."

Viatu vya yule mtu vilikuwa vyeupe. Tope lile lote, na hata tone moja halikuvigusa. Anold aliviona. Aliviona akavipuuza, kwa sababu kichwani alikuwa anagawanya bei kwa gigabaiti, na jibu lilikuwa tamu. Alipoitia mfukoni ilikuwa na joto, kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku.

Nyumbani akahamisha kila kitu. Diski ya zamani ilimaliza kunakili, ikakwaruza mara moja, ikafa palepale. Anold, aliyewahi kupata alama A kwa insha kuhusu kutunza nakala mbili za kila kitu, akaitupa nyuma ya choo.

Ndipo, Jumanne ile, kumeza kukaanza.

Kila alipohifadhi barua mpya ya kuomba kazi, glu. Kila jirani alipoleta video ya harusi aihifadhi, glu, glu, na kutoka kwenye matundu ya kasha ikatoka harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbwa kwenda chini sana. Alhamisi picha ya bibi yake haikuonekana kwenye kompyuta. Ijumaa ikatoweka picha ya kwaya ya zamani ya kigango, ambayo waimbaji wake wote walishazikwa. Jumamosi alikuta mama amesimama mbele ya picha ya harusi yake iliyotundikwa ukutani, picha ya karatasi, ya kwenye fremu, ambayo haijawahi kuingia kompyuta zaidi ya kile kivuli chake alichokiskani Anold mwaka juzi.

"Hivi hapa nilipiga picha na nani?" mama akauliza. "Mbona nimekunja mkono namna hii?"

Kwenye picha alikuwa peke yake, bibi harusi mchanga anayetabasamu, mkono wake umeshika mkono usiokuwepo.

Anold akakimbilia kompyuta. Akapakua programu ndogo ya kupima ujazo, kazi ambayo angeifanya siku ya kwanza kama asingejiona anajua sana, na majibu yakaja: hizo terabaiti mbili zilikuwa uongo mtupu. Tumbo la kweli lilikuwa gigabaiti thelathini na mbili, na kila kipya kilichoingia baada ya hapo kilikalia cha zamani na kukila. Akafungua sauti ya baba. Dakika kumi na moja zilikuwa zimebaki nne. Akajaribu kuihamishia kwenye flashi, ikahama, akaisikiliza, na kwenye flashi hapakuwa na baba bali kile kitu tu, kikimeza taratibu. Akachomoa waya, akaing'oa ile SSD na kuiweka juu ya meza, mbali na umeme wowote, na hapo mezani, katika mwanga wa saa nane mchana, kuku wakiparua nje na mtoto wa jirani akiimba, kile kitu kisicho na mdomo, kisicho na koo, kisicho na moto wala waya, kikameza.

Glu.

"Anold," mama akaita kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayetafuta ufunguo. "Mume wangu alikuwa anaitwa nani vile?"

Alitoka mbio bila viatu hadi kwa Bibi Nahimana, mjane aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa bado msichana, ambaye watu wa Kibimba, hata wale wa mstari wa mbele kanisani, walimwita kikiingia kitu kisichoeleweka nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona hivyo, umeiba mbuzi?"

Akamweleza. Bibi hakutania tena. Alikuja na rozari shingoni na kifurushi cha majani kwapani. Akainusa ile SSD kwa mbali.

"Ilikuambia ina tumbo kiasi gani?"

"Gigabaiti elfu mbili."

"Na ulipoipima?"

"Thelathini na mbili."

"Yemwe! Jini wa mdomo mkubwa na tumbo dogo. Hao hawashibi." Akashusha sauti. "Anawala wafu kwanza kwa sababu wafu hawawezi kumkatalia. Na anawasahaulisha wote walio chini ya bati hili, ila aliyemleta. Huyo anaachiwa ashuhudie."

"Anatokaje?"

"Mpe cha mtu aliye hai. Umpe kwa hiari, kwa mkono wako. Kitamkaba, atatapika alichokuwa anatafuna. Lakini kinachomkaba hakirudi, mjukuu. Una nini?"

Anold akaitazama bahasha ya kaki juu ya kabati.

"Nina vyeti. Vyote nimeviskani, vipo kwenye flashi."

"Ndiyo nini hivyo?"

"Karatasi zinazosema mimi ni nani."

"Na huzihitaji?"

"Bibi, miaka minne zimeshindwa kuniletea hata chumvi. Acha zimkabe."

"Fikiri kwanza."

Ila sauti ilikuwa imebaki dakika nne, au sasa pungufu, na mama yake alikuwa jikoni akiimba wimbo ambao hajui tena nani alimfundisha. Anold hakufikiri. Akarudisha SSD kwenye kompyuta na kuanza kuilisha: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha kidato cha nne, cha sita, shahada, picha za pasipoti, picha ya joho, barua mia moja na kumi na nane za kuomba kazi ambazo hakuna bosi aliyezifungua. "Kula," akanong'ona, meno yamekaza. "Wewe utakuwa wa kwanza kuzisoma, mshenzi wewe, kula." Na ikala, glu, glu, glu, haraka kuliko mtu mwenye njaa, harufu ya udongo ikajaa sebule, bati likaanza kulia bila upepo, kuku wote wakanyamaza kwa pamoja, Bibi Nahimana akisali kwa Kirundi macho ameyafumba na majani mkononi, hadi ghafla kumeza kukakatika katikati na hapo sebuleni, baina yao wawili, mwanamume mzima asiyeonekana akakohoa.

Akakohoa tena. Akapaliwa.

Kwenye skrini: dakika kumi na moja.

Anold akainakili kwenye flashi. Bibi akaing'oa SSD kwa majani yake, akaitumbukiza kwenye chungu cha maji ya chumvi, akafunika. "Genda!" akafoka. "Nenda!" Maji yakachemka mara moja, yakatulia. Akakibeba chungu kwenda kukizika ng'ambo ya mto, na alipopita mlangoni hakumtazama Anold usoni.

Mama aliitwa na sauti. Anold alikuwa amechomeka flashi kwenye redio. Mama akaingia na kisamvu mkononi, akasimama, kikamponyoka.

"Matiasi," akasema. "Jamani, Matiasi wangu."

Akavuta kigoda. Ukutani, kwenye fremu, bwana harusi alikuwa amerudi mahali pake, suti imembana. Mzee akazungumza, akacheka, akasema: "Namshukuru Mungu kwa..." Hapo ikapita pumzi tu, ndefu kidogo, kisha watu wakapiga makofi. Mama hakujifuta macho. Hapo hapakuwa na kitu cha kumliza.

Simu ya mama ikaita. Ndiyo namba ambayo Anold aliiandika kwenye barua zake zote, kwa kuwa laini yake ilifungwa zamani.

"Haloo. Ndiyo. Nani? Anold Matiasi?" Mama akakunja uso. "Usaili wa kazi? Jumatatu? Hapana mwanangu, umekosea namba. Matiasi ni mume wangu, ni kweli, ila Mungu hakutujalia mtoto."

"Mama," Anold akasema.

Mama akageuka, akamwona mlangoni, miguu mitupu, jasho linamtiririka. Akatabasamu kwa heshima, kama anavyotabasamu kwa kila mgeni.

"Karibu baba. Wewe ndiye fundi uliyenirudishia sauti ya mume wangu?" Akainuka na kumsogezea kigoda chake. "Kaa upumzike, mihogo inaiva sasa hivi. Umetoka mbali? Mama yako bado yupo?"