Mwanangu Aliniita Kwenye Mkanda

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwa fundi wa video, mkanda nimeufunga kwenye leso. Mkanda wenyewe mdogo kama kiberiti. Ndani yake yumo mwanangu, miezi miwili kabla hajafa, anakunja nguo za mtoto huku akimtania mumewe aliyeshika kamera. Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na moja na sauti ya mama yake haijui. Baba yake alioa tena, akaniachia mtoto, mkanda na kamera mbovu.

Fundi tunamwita Macho Manne kwa ile miwani yake. Alinieleza taratibu kama mtu anayeongea na kiziwi: kamera yake itacheza mkanda, waya upeleke picha kwenye mashine, mashine iandike diski. Mkanda ni wa dakika kumi na nane, basi tutakaa dakika kumi na nane. Tena umeota ukungu. Huenda ukacheza mara moja tu, ukakatika.

Nikamwambia ukikatika kabla ya kuisha, na yeye atakatika. Akacheka. Mimi sikucheka.

Alibonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Mwanangu akatokea na blauzi yake ya kijani, anakunja.

Zamani, kabla kamera haijaharibika, niliutazama mkanda ule mpaka nikaukariri. Kwa hiyo nilijua anapocheka, nilijua anapopiga chafya.

Kisha akaacha kukunja.

Hapo huwa haachi.

Akainua uso. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Mama…"

Macho Manne alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, upo?"

Mimi nililelewa na watu wasio na mchezo. Aliyekufa akikuita, huitiki. Ukiitika umemfungulia mlango. Nikauma mtandio.

"Mjibu basi, bibi," fundi alininong'oneza. Nikamkanyaga mguu.

"Mama, mbona kimya?"

Krrr… Mkanda ukakatika.

Fundi alinikabidhi diski kwa vidole viwili, kama mkia wa panya. Akasema aina hiyo huandikwa mara moja, kilichoingia hakibadiliki.

Ningeitupa njiani. Lakini mtoto alikuwa amenisubiri mlangoni tangu mchana. Tukaiweka kwenye deki. Alipoisikia sauti ya mama yake alicheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Halafu akanigeukia.

"Bibi, si anakuita wewe? Mbona humwitiki?"

Nikasema mboga inaungua.

Ikawa kila jioni mtoto anaweka diski, mwanangu ananiita mara tatu, nami nipo jikoni nimefumba mdomo. Wiki ya pili akaita mara mbili. Halafu mara moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Jana hakuita kabisa.

Nilitoka jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anakunja.

"Nipo," nikasema. "Nipo, mwanangu."

Hakugeuka. Alipanga nguo ya mwisho juu ya zile nyingine, akatoka kwenye picha. Kikabaki chumba kitupu.

Leo mtoto ameiweka tena. Chumba kitupu tangu mwanzo. Hakuna kicheko, hakuna chafya. Tulikaa tukautazama ule ukuta mpaka karibu na mwisho, pakasikika sauti, ya mbali, ya kizee…

"Nipo, mwanangu."

Mtoto akanishika mkono. Akauliza mama amekwenda wapi.