Tundu la Kupumulia

Mambo haya yalimpata jirani yetu hapa Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi wa Athene: Fanokles mwana wa Pithon, mchoraji wa vyombo.

Mkewe, Mirto, aliugua majira ya kuchuma zeituni. Akiwa mahututi alimwomba jambo moja.

"Mume wangu, mimi usinitilie kikombe."

Fanokles akamwapia. Mtaani sote tulikijua kikombe hicho. Mfinyanzi hukificha ndani ya shingo ya chupa ya udongo ya kumwekea marehemu mafuta kaburini; kwa nje chupa ni kubwa, kumbe ndani yaingia mafuta ya kijiko tu. Waombolezaji husifu, na wafiwa huokoa mafuta. Fanokles alikwisha kuchora mamia.

Mirto alipofariki, Fanokles alimwendea Sosimenes, mfinyanzi, rafiki yake wa miaka ishirini, akaagiza chupa isiyo na kikombe.

"Nimpunje shemeji yangu?" Sosimenes alimaka. "Mikono hii ioze!"

Fanokles aliikagua ile chupa. Yenye kikombe lazima itobolewe tundu la kupumulia, isije ikapasuka tanurini. Hakuona tundu. Akamchora Mirto juu yake ameketi, anamtazama mchoraji, kiganja wazi.

Siku ya tisa, jua likiwaka, alianza kuijaza mafuta kaburini mbele ya jamaa. Alimimina kidogo tu, mafuta yakafurika. Akapapasa chini ya mkono wa chupa. Kidole chake kikakuta tundu lililofichwa.

Akaiweka kaburini. Akaenda kwa Sosimenes.

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Aa, bwana wee, mkono umezoea." Sosimenes alicheka bila kuacha kufinyanga. "Na tangu lini maiti akapima mafuta?"

Rafuni zilianikwa chupa arobaini.

Moja ikavuta pumzi.

Ya pili ikafuata. Kisha zote. Zilipumua pamoja, polepole, kama mgonjwa.

"Nimepima," ikanong'ona sauti.

Fanokles aliijua. Akakimbia.

Sosimenes alikutwa kwenye gurudumu lake, macho wazi, hasemi. Yu hai, ila hadi leo hajasema tena. Chini ya sikio lake pana tundu dogo, safi, lisilo na damu.

Fanokles alirudi kaburini amweleze mkewe kwamba si yeye aliyetia kikombe.

Chupa ilikuwa palepale. Mkononi mwa Mirto wa mchoroni palikuwa na kikombe ambacho Fanokles hakukichora.

Naye Mirto alikuwa amempa mgongo.